Tumbo la Upinde

Mama wa makumbusho aliponiambia wanafunga baada ya dakika kumi, nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati la kioo, shingo imepinda kama ya kuku aliyemwona mwewe. Nilikuwa natafuta namna ya kuona upande wa pili wa upinde.

Ulikuwa upinde mfupi. Ukiusimamisha chini ungenifika kifuani. Mti wake umeiva rangi ya chai ya strungi iliyolala usiku kucha. Pale pa kushikia pamefungwa ngozi, na upote, ule uzi wake, haupo tena. Upande ulionielekea mimi ulipakwa rangi nyekundu kutoka karibu na pa kushikia hadi nchani, nyekundu ya udongo wa Kitui baada ya mvua ya kwanza. Juu ya wekundu huo ulipita mstari mmoja wa kupindapinda kama radi. Kikaratasi cha maelezo kilisema mstari huo ni wa bluu. Mimi ningeapa ni kijani.

Kikaratasi chenyewe kilikuwa na maneno ya kuhesabika. Upinde wa Wasiuu (wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini), umepambwa kwa rangi, zawadi ya familia fulani. Jina la familia iliyoutoa lilikuwepo. La aliyeuchonga, hakuna.

Nikarudi zangu Minneapolis, huku Marekani ninakoishi, nikidhani nitalisahau jambo hili kabla sijavuka Mto Minnesota.

Hii ni wiki ya saba.

## Rangi ya nani

Kwa ambaye hajawahi kushika upinde, nianze na pande zake. Wachongaji hutofautisha mgongo na tumbo. Mgongo ni upande unaomtazama mnyama unayemlenga, na tumbo ni upande unaokutazama wewe. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa.

Rangi niliyoiona ilikuwa tumboni.

Yaani mnyama hakuiona. Adui hakuiona. Mwenzako kwenye farasi wa pembeni labda aliambulia mmweko. Aliyekuwa nayo mbele ya macho kila alipovuta, umbali wa mkono wake mwenyewe, ni mwenye upinde.

Neno la kwenye kikaratasi ndilo lililonikera zaidi: umepambwa. Kwa Kiswahili chetu pambo linahitaji watu wa kulitazama. Bibi harusi hupambwa ili atoke nje. Ukumbi hupambwa kwa sababu wageni wanakuja. Nani hupamba ndani ya mfuko wa koti lake?

Kwa hiyo nikaanza kujenga nadharia, na nadharia zangu, kama wasomaji wa zamani wa blogu hii mnavyojua, hukua haraka kuliko mtama.

## Mshale una kazi nyingine

Wadakota (Wasiuu ni jina la kupewa, limekatwa na Wafaransa kutoka neno la majirani zao, wao wenyewe hujiita Dakota, marafiki) walipaka rangi mishale pia. Pete za rangi zilizungushwa kwenye uti wa mshale, karibu na manyoya, na kila mtu alikuwa na mpangilio wake. Sababu yake haina fumbo. Wanaume kadhaa wanaingia kwenye kundi la baisani, wale nyati wakubwa wa huku, na kila mmoja anapiga anavyoweza. Vumbi likitulia, nyama ni ya nani? Unaangalia mshale uliomo mwilini.

Hapo sikuhitaji kufafanuliwa. Mimi ni Mkamba. Kwetu mshale una alama, mzinga wa nyuki una alama, ng'ombe ana alama, na kesi ya nani ameua nini iliamuliwa kwa kutazama kichwa cha mshale. Nikiwa mdogo niliuona mmoja wa umau, babu yangu, umechomekwa kwenye paa la nyasi juu ya jiko. Tulikatazwa hata kuunyooshea kidole kwa sababu ya sumu. Alama yake siikumbuki. Nakumbuka moshi tu, na kofi.

Basi mshale huandikiwa watu wengine, kwa kuwa humtoroka mwenyewe na lazima ujieleze ukiwa peke yako huko mbali. Upinde haumwachi mtu, kwa hiyo hauna haja ya jina. Nikahitimisha kwamba rangi ya tumboni ni neno la mtu kwa nafsi yake, dua ya siri inayofunguka kila anapovuta.

Ilikuwa nadharia nzuri sana. Niliiandika yote usiku mmoja, nikaipa kichwa cha habari, nikabakiza kubonyeza kitufe tu.

Sikubonyeza. Kuna kitu kilikuwa kinanong'ona kwamba mtu aliyeona upinde mmoja, upande mmoja, kwa dakika arobaini, hana haki ya kuwa na uhakika kiasi hiki.

## Psehtin

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee ambako nafanya zamu ya usiku, fundi wa boila na mabomba ni Mdakota. Kwao ni Sisseton, Dakota Kusini. Tumekunywa kahawa pamoja miaka minne, tukazungumza mpira, theluji na bei ya matairi. Upinde haukuwahi kutajwa. Ningeanzaje? Mimi mwenyewe nachukia Mzungu akinikamata kwenye sherehe na kuniuliza habari za simba.

Mwishowe nilijikakamua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ni mti gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimekodolea macho rangi dakika arobaini, mti sikuutazama.

Akaniambia kama ni wa pande hizi huenda ni eshi, ambao kwa Kidakota ni psehtin, na kwamba wakati huu psehtin ni wa bure kwa yeyote mwenye gari. Ni kweli. Tangu mwaka 2009 jimbo hili la Minnesota lina mdudu wa kijani kutoka Asia, mdogo kama punje ya mchele, ambaye mabuu wake hula chini ya gamba la miti ya eshi hadi inakauka. Mitaa mizima inapoteza vivuli vyake. Watu wa manispaa hupita kwanza na kopo la rangi, wanaupiga mti alama, na baada ya siku chache wanarudi na misumeno.

Jumamosi nikapata gogo. Fundi akaja na nyundo na kabari tatu.

Usipasue kwa msumeno, alisema, mti upasuke unapotaka wenyewe. Kabari ya kwanza ikaingia kama kwenye jiwe. Ya pili ikatoa mlio mrefu, na gogo likafunguka kwa nyuzi, jeupe, lina harufu ya maji ya mchele. Tukachukua pande moja lililonyooka. Halafu ikaanza kazi ambayo ilinila jioni kumi na moja.

Mgongo wa upinde unatakiwa uwe pete moja ya mti, mwaka mmoja tu wa maisha yake, kutoka ncha hadi ncha. Ukikata uzi wa pete hiyo hata kwa upana wa kucha, hapo ndipo utakapovunjika. Unafuata pete kwa kisu cha mikono miwili, na njia ya kujua uko wapi ni sikio. Mti uliokua wakati wa masika ni wa matundutundu, kisu kikiupitia unasikika kama unatafuna biskuti. Ule wa kiangazi ni mgumu, kisu kinateleza kimya. Unaondoa biskuti, unasimama kwenye ukimya. Kwenye fundo unapunguza pumzi.

Niliharibu pande la kwanza. La pili pia. La tatu bado ninalo.

## Owa

Katika jioni hizo nilifungua kamusi ya Kidakota ya mmisionari Stephen Riggs, iliyotolewa na taasisi ya Smithsonian mwaka 1852. Maneno yake yalikusanywa kwa miaka mingi, na sehemu ya kazi hiyo ilianza na ndugu wawili wa ukoo wa Pond, ambao mwaka 1834 walijenga kibanda kando ya kijiji cha Wadakota kwenye ziwa Bde Maka Ska. Ndilo ziwa ninalozunguka kwa mguu daktari akinifokea. Mwaka 1834 hakukuwa na njia ya lami wala wauza aiskrimu, lakini jina hilo lilikuwepo, likafutwa kwenye ramani, na likarudishwa mwaka 2018.

Upinde ni itazipa. Nyekundu ni sha, au duta kwa nyekundu ya kung'aa. Kijani na bluu ni neno moja, to, la majani na la mbingu. Kwa hiyo ugomvi wangu na kikaratasi kuhusu ule mstari, kwa lugha ya aliyeuchora, haukuwa na kichwa wala miguu.

Halafu nikafika kwenye owa.

Owa ni kupaka rangi. Owa ni kuchora. Owa ni kuandika. Kutoka hapo hupatikana wowapi, kitu kilichotiwa alama, na wowapi ni barua, ni kitabu, ni bendera. Zile ngozi ambazo Wadakota na ndugu zao Walakota walichora picha moja kwa kila mwaka ili kutunza historia huitwa waniyetu wowapi, maandiko ya vipupwe. Maarufu zaidi ni ya Lone Dog, Mdakota wa Yanktonai, inayoanza mwaka 1800 hadi 1871. Ndani yake umo usiku wa Novemba 1833, nyota zilipomwagika angani kama mvua.

Nilikaa na neno hilo muda mrefu. Hata kuandika kwetu hakukuanzia kwenye kalamu. Bado tunaandika meza kabla ya wageni, na zamani ulimwandika mtu dawa kwenye jipu. Lakini kikaratasi cha makumbusho kilitafsiri owa kwa neno moja tu, la chini kabisa kwenye orodha: mapambo.

Rangi zenyewe zilikuwa na safari zake. Udongo mwekundu ulichimbwa hapahapa. Makaa yalitoa weusi. Brashi ilikuwa kipande cha mfupa wa baisani, ile sehemu ya ndani yenye vijitundu kama sifongo, ambayo hunywa rangi na kuitoa polepole. Ukitumia ukingo wake unapata mstari mwembamba, ukilaza unajaza uwanja. Rangi ilichanganywa na gundi ya ngozi iliyochemshwa. Baadaye wafanyabiashara wa manyoya wakaleta unga mwekundu wa zebaki kutoka China, umefungwa kwenye vikaratasi. Waajemi na Waarabu waliuita unga huo kwa jina ambalo sisi tumelipa mti: zingefuri, ile mbegu ambayo vijana wa mashamba ya viungo Zanzibar huwapaka watalii midomoni. Wekundu ule ulifika Mississippi kabla ya babu zangu kufika Mombasa.

## "Sijakalia kitabu"

Usiku mmoja, boila limetulia, nikamweleza fundi nadharia yangu yote. Dua ya siri, tumbo la upinde, mstari wa radi. Vitabu husema mistari ya namna hiyo ni ya Wakinyan, viumbe wa radi wanaoruka. Nilimwuliza anaonaje.

"Inawezekana," akasema. "Au mkono ulimtetemeka."

Nilicheka. Yeye alitabasamu kidogo, kisha akaacha.

"Unaniuliza kana kwamba nimekalia kitabu nakuficha," akasema. "Ningekuwa nacho ningekisoma kwanza mimi. Bibi yangu alipelekwa shule ya bweni, akiongea Kidakota anapigwa. Mimi najifunza itazipa darasani Jumanne jioni, nina miaka thelathini na nane."

Sikuwa na la kusema.

Nilipoingia nchi hii ndege ilitua Minneapolis, na mlango wa pili kutoka uwanja wa ndege ni ngome ya Fort Snelling. Nilipita hapo miaka mingi nikidhani ni mahali pa kupeleka watoto matembezi. Mikataba ya mwaka 1851 iliwaachia Wadakota ukanda mwembamba kando ya Mto Minnesota. Mwaka 1862 malipo waliyoahidiwa yalichelewa, watu wakawa na njaa, vita vikazuka. Tarehe 26 Desemba mwaka huo wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na hakuna siku nyingine ambayo serikali ya Marekani imenyonga watu wengi hivyo kwa mara moja. Wanawake, watoto na wazee, kama 1,600, walifungiwa chini ya ngome ile kipupwe kizima. Mwaka uliofuata walifukuzwa jimboni.

Sasa fikiria vitu vilivyobaki kwenye nyumba. Vitu vya kuokota.

Nilikuwa nimeichukulia rangi ile kama siri ambayo mtu fulani anaitunza kwa makusudi, na kazi yangu ni kubisha hodi kwa adabu. Sikuwaza kwamba nabisha kwenye nyumba iliyochomwa, na kwamba ninayemgongea naye anatafuta funguo kwenye majivu. Nilifuta ile makala usiku huohuo. Yote, na kichwa chake.

## Mgongo

Upinde wangu ulipoanza kupinda vizuri nilifanya jambo la kitoto. Nilinunua unga wa udongo mwekundu na gundi ya ngozi, nikapaka tumbo, na kwa kuwa rangi ilibaki, nikapaka na mgongo. Mstari wa radi sikuugusa. Huo una mwenyewe, hata kama hajulikani.

Nikavuta. Mara ishirini, mara hamsini. Kwenye mia hivi nikauleta chini ya taa.

Tumbo lilikuwa jekundu vilevile. Mgongo ulikuwa umejaa nyufa nyembamba za kukingama, kama kisigino cha kiangazi, na nilipopitisha kidole, rangi ilibaki kidoleni.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji.

Jumapili iliyofuata nikarudi makumbusho. Mama yule alinikumbuka, sijui kwa wema au kwa magoti. Nilimwomba afungue kabati, akasita, akapiga simu mahali, akavaa glavu, akautoa na kuugeuza taratibu juu ya kitambaa. Mgongo ulikuwa mtupu, mti umelainika na kung'aa kwa kusuguana na mfuko wa ngozi miaka na miaka. Niliwasha mwanga wa simu kwa ubavuni. Pembeni ya ile ngozi ya pa kushikia, palipojikunja kidogo na kuacha mfereji usiofikiwa na kitu, kulikuwa na wekundu. Upana wa mstari wa kalamu.

Basi mgongo nao ulipakwa. Upinde mzima ulikuwa mwekundu. Mnyama aliuona, adui aliuona, kijiji kizima kiliuona. Dua yangu ya siri ilikuwa kazi ya msuguano.

"Umepata ulichotaka?" mama aliuliza.

Nilimwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Ila nilimwomba jambo moja, kwamba kwenye kikaratasi waongeze: jina la mchongaji halikuandikwa. Akasema atalifikisha kwenye kamati. Mti ni eshi, nikamwambia pia. Safari hii nilikuwa nimetazama.

## Ujumbe wa sauti

Fundi nilimsimulia habari za mgongo, akacheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akaomba kuuona upinde wangu, akaupima kwa kuuvuta bila mshale, akasema nusu ya juu ni ngumu kuliko ya chini, niikwangue kidogo. Hakusema lolote kuhusu rangi.

Usiku ule nikamtumia baba mdogo ujumbe kule Kitui. Nikamwuliza alama ya mishale ya umau ilikuwaje, na kama upinde wake nao ulikuwa na alama au rangi yoyote. Jibu lilikuja kwa sauti, jogoo anawika nyuma yake.

"Mwanangu, upinde alama ya nini? Ulilala naye chumba kimoja, sisi tulilala jikoni. Aliupaka mafuta ya mbarika, basi, mpaka unanuka. Mshale upo, nimeutoa darini, sumu imeshakufa. Ngoja nikupigie picha. Na wewe huo mti wa serikali uliukata kwa ruhusa ya nani?"

Picha ikafuata. Kichwa cha chuma kilicholiwa na kutu, kiganja cha baba mdogo, mikato mitatu na nukta moja pembeni. Niliikuza mpaka ikawa vumbi. Nukta ile inaweza kuwa sehemu ya alama. Inaweza pia kuwa kutu. Nilijikuta nainamisha simu huku na huku kwenye mwanga, kana kwamba nitaona nyuma.

Nikaandika: Baba mdogo, igeuze upande wa pili.

Alama mbili za bluu, ameona. Au ni za kijani. Hajajibu bado, labda ameenda kutafuta mwanga.